Amana iliyoko kwenye friza

Mdogo wangu alipotolewa uvimbe kichwani, mama hakuniuliza kwanza kama anaongea, wala kama amekula. Hayo nilikwisha kumtumia kwa ujumbe wa sauti usiku uleule. Alipopiga simu asubuhi, baada ya shikamoo na marahaba, alinyamaza. Nikasikia jogoo wa jirani kule Tanga akiwika. Kisha mama akasema:

"Hicho walichokitoa, wamekizika wapi?"

Sikumjibu. Akaendelea, polepole, kama mtu anayehesabu vitu vyake: "Kitovu chake nilikizika mwenyewe, chini ya mnazi wa uani. Kondo la nyuma alilizika bibi yako. Jino lake la kwanza alilitupa juu ya paa, ulikuwepo. Sasa kipande cha kichwa chake kiko wapi?"

Nilijua kiko wapi. Kilikuwa kwenye kichupa kirefu kama kidole cha mwisho, ndani ya friza yenye baridi ya nyuzi 80 chini ya sifuri, hapa London. Kilichonishinda ni namna ya kumwambia. Na kumwambia mtu jambo la hospitali kwa Kiswahili ndiyo kazi ninayoishi kwayo.

Mimi ni mkalimani. Huu ni mwaka wa 11 nafanya kazi hii katika hospitali za hapa, nikikaa kati ya daktari na mgonjwa. Wagonjwa wangu ni Watanzania na Wakenya, Wakongo wa Bukavu na Uvira, Warundi waliokulia kambini Kigoma, Wabajuni wa visiwa vya Somalia. Habari zao sizisimulii popote, ndilo sharti la kazi. Ninayoyaandika leo ni ya nyumbani kwetu, na mdogo wangu ameyasoma yote kabla yenu.

Yeye ndiye kitinda mimba. Alikuwa dereva wa basi hapa London, mtu wa zamu za alfajiri. Mwaka 2021, akiwa na miaka 34, alianza kusikia harufu ya karafuu zinazoungua. Utotoni tulikuwa tukipelekwa Pemba kwa mjomba msimu wa karafuu, zikianikwa kwenye majamvi mpaka barabarani, kwa hiyo harufu ile anaijua kama anavyojua sauti ya mama. Ilikuwa inamjia ghafla, nusu dakika, inaondoka. Akiwa kwenye usukani, akiwa bafuni. Alimwuliza mkewe kama kuna kitu kinaungua jikoni, na jikoni hamna kitu. Ndugu mmoja akasema kwa nia njema kwamba ni uchovu. Mwingine akasema mambo ya majini, akaomba jina la mama ili apeleke kwa mtu.

Jumapili moja alikuwa nyumbani kwangu, ameshika kikombe cha chai. Akasema, "Dada, karafuu hizo." Kikombe kikaanguka, naye akafuata. Nilimlaza ubavu kama nilivyowahi kusikia wauguzi wakieleza mara nyingi, nikahesabu dakika kwa saa ya ukutani. Zilikuwa dakika 2. Baada ya picha ya MRI tukaambiwa kwamba ana uvimbe upande wa kulia, kwenye sehemu ya ubongo iliyo karibu na sikio, ambako ubongo hushughulikia harufu na kumbukumbu. Harufu ile ilikuwa kifafa kidogo kidogo, kikibisha hodi kwa wiki nyingi. Leseni yake ya basi aliirudisha juma lilelile.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya niandike.

Asubuhi ya upasuaji, kama saa moja hivi, alikuja muuguzi wa utafiti na karatasi mkononi. Fomu ya ridhaa ya upasuaji ilikwisha kusainiwa siku nyingi. Hii ilikuwa nyingine: alikuwa anaomba kwamba sehemu ya uvimbe itakayobaki baada ya vipimo vya lazima iende kwenye benki ya tishu, itunzwe kwa ajili ya utafiti. Mdogo wangu Kiingereza anakijua, amekitumia kazini miaka mingi. Wifi yangu ndiye alikuwa na miezi 4 tu tangu atoke Tanga, na mumewe hakutaka kusaini kitu ambacho mkewe hakukielewa. Wakapiga simu ya ukalimani. Mimi nilikuwa nimekaa palepale, mdomo nimeufunga, kwa sababu ndugu wa mgonjwa haruhusiwi kumkalimania, na sheria hiyo mimi mwenyewe huitetea.

Mkalimani wa kwenye simu alisema hivi: "Wanataka kuchukua sehemu ya ubongo wa mumeo wakaiweke benki."

Wifi aliweka mkono kifuani. "Benki? Kwani wanauza?"

Yule mkalimani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameamshwa, hamwoni anayesema naye, na ametupiwa maneno mawili ambayo Kiswahili chetu cha kila siku hakina njia fupi ya kuyabeba. Tishu, kwa watu wetu wengi, ni ile karatasi laini ya kujifutia. Na benki ni mahali pa pesa: unaweka, inazaa, unachukua, na mwenye benki anapata faida yake. Ukiyaunganisha hayo mawili na neno ubongo, saa moja asubuhi, mbele ya mke ambaye mumewe ataingizwa chumba cha upasuaji baada ya dakika 40, umemtia mtu hofu ambayo haikuwa na sababu.

Nikamwomba muuguzi ruhusa niseme kama dada, siyo kama mkalimani. Akakubali, akavuta kiti, akakaa. Hilo la kukaa sijalisahau. Akaanza upya, neno kwa neno, naye mkalimani wa simu akimfuata vizuri zaidi: daktari atatoa uvimbe kwa sababu ya matibabu, hatakata hata punje zaidi kwa ajili ya utafiti. Kipande cha kwanza kitaenda kupimwa ili ugonjwa ujulikane jina lake. Kinachobaki kwa kawaida huchomwa pamoja na taka za hospitali. Wao wanaomba hicho kinachobaki.

"Kinyama," wifi akasema. "Kumbe ni kile kinyama." Neno hilo analijua. Tanga mtu akienda hospitali akakatwa kinyama kikapimwe, hakuna asiyeelewa.

Mdogo wangu akasema, "Dada, kikitoka kimetoka. Mimi sikihitaji tena. Kama kinamfaa mtu, wakichukue." Akasaini. Mkono ulikuwa umetulia kabisa kuliko wetu.

Baadaye yule muuguzi alinieleza safari ya kinyama kile, nami nataka kuieleza hapa kwa kirefu, kwa sababu watu wetu wanaombwa jambo hili na hakuna anayewaeleza linavyokwenda.

Mtu wa benki husimama mlangoni mwa chumba cha upasuaji na kisanduku chenye barafu kavu. Kipande kikitoka kichwani, saa inaandikwa. Seli zilizokuwa zikilishwa na damu zimekatiwa riziki, na zinaanza kubadilika papo hapo. Ile RNA, ambayo ni kama maagizo ya kazi ya seli, huvunjika upesi. Mtafiti atakayekifungua kipande hicho miaka 10 baadaye lazima ajue kama anachokiona ni ugonjwa wenyewe au ni uharibifu wa kucheleweshwa mezani. Kwa hiyo wanakimbia. Kipande ukubwa wa punje ya kunde kinagawanywa. Sehemu moja inagandishwa kwa nitrojeni ya maji, ambayo baridi yake ni nyuzi 196 chini ya sifuri, kisha saa inaandikwa tena. Sehemu nyingine inaingizwa kwenye fomalini, dawa ya kuzuia kuoza, halafu inamiminiwa nta, inakuwa kama kipande kidogo cha mshumaa ambacho kinaweza kukaa kabatini miaka mingi na kukatwa utando mwembamba kila kinapohitajika. Huchukua na damu kidogo ya mkononi, ili wakiona jeni iliyobadilika kwenye uvimbe waweze kulinganisha na jeni alizozaliwa nazo mwenyewe.

Jina linaondolewa. Kichupa kinapewa namba na kibandiko cha mistari ile ya bidhaa za dukani. Orodha inayounganisha namba na jina inafungiwa mahali pengine, kwa watu wachache. Kisha habari za mgonjwa huifuata namba ile miaka na miaka: alikuwa na umri gani, uvimbe ulikuwa wapi, alipewa dawa gani, ulirudi au haukurudi. Muuguzi alilisisitiza sana hilo. Kipande kisicho na habari zake hakimsaidii mtafiti karibu kitu.

Ndiyo hayo niliyotakiwa kumwambia mama.

Nilijaribu. Nikamwambia, mama, hawakukizika, wamekiweka kwenye friza maalumu, kuna watu wanakitunza, wataalamu wakihitaji kujifunza ugonjwa huu wanaomba kidogo, lazima waombe kwa kamati, na mwanao amekubali kwa hiari yake na anaweza kujitoa siku yoyote. Nilisema mengi. Mama alinisikiliza mpaka mwisho.

"Basi hawajakichukua," akasema. "Amewawekea amana."

Nilikaa na simu sikioni. Miaka yote hiyo nimekuwa nikisema benki ya tishu, hifadhi ya sampuli, maneno ya vitabuni ambayo mgonjwa huyaitikia kwa kichwa huku macho yake yakikwambia hajaelewa. Neno lilikuwepo siku zote, na kila mzee wa pwani analijua. Amana ni kitu cha mtu kilicho mkononi mwa mwingine. Mwenyewe hajakigawa wala hajakiuza. Aliyekipokea hawezi kukitumia apendavyo, atakitumia kwa yale waliyopatana tu, na siku moja ataulizwa. Mtu aliyekula amana, huko kwetu, hata mazishini watu huangaliana wanapoambiwa wamtaje kwa wema.

Neno hilo linabeba wajibu wa mtunzaji, na neno benki haliubebi. Uingereza yenyewe ilijifunza hilo kwa uchungu. Mwaka 1999 iligundulika kwamba katika hospitali ya watoto ya Alder Hey, Liverpool, viungo vya watoto waliofariki vilikuwa vimewekwa kwenye mitungi bila wazazi kujua, vingi vyao kati ya mwaka 1988 na 1995. Ripoti ikatoka Januari 2001. Kuna wazazi waliozika mtoto wao, kisha wakaitwa kuzika tena moyo, kisha tena kiungo kingine. Nilipokuwa nasomea ukalimani wa hospitali tulifundishwa kisa hiki, na mwanafunzi mwenzetu mmoja, mama mwenye watoto, alitoka darasani. Kutokana na uchungu ule ikatungwa Sheria ya Tishu za Binadamu ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika Septemba 2006, na ikaundwa mamlaka ya kukagua na kutoa leseni kwa wanaohifadhi. Msingi wake ni ridhaa. Karatasi ile ya saa moja asubuhi, ambayo wengine huiona usumbufu, ililipiwa na wazazi wale.

Na sisi wa Afrika Mashariki tuna kisa chetu. Kampala, hospitali ya Mulago, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliwaona watoto waliovimba taya kwa saratani, akaandika juu yake mwaka 1958. Vipande vya uvimbe wa watoto wale vikawa vinapelekwa London kwa ndege, kwa mtafiti Anthony Epstein. Mwishoni mwa mwaka 1963 ndege moja ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikapelekwa Manchester, na kipande kikachelewa. Kilipofika, maji yake yalikuwa yamechafuka, yaani kwa macho kimeoza. Epstein hakukitupa. Alichukua tone akaliangalia kwenye hadubini, akakuta seli hai zinaelea, zimejitenga zenyewe. Kutokana na seli za namna hiyo, mwaka 1964 kikaonekana kirusi ambacho leo dunia nzima inakiita Epstein-Barr, kirusi cha kwanza kujulikana kinachosababisha saratani kwa binadamu. Kirusi kimebeba majina ya Epstein na ya mwenzake Yvonne Barr. Mtoto wa Uganda hakimtaji. Namfikiria sana mtoto yule na mama yake, na lugha aliyoongea mama yake, na kama palikuwa na mtu wa kumwambia kwa lugha hiyo ni nini kinapelekwa ng'ambo na kwa nini.

Kampala leo kuna hifadhi kubwa ya sampuli katika Chuo Kikuu cha Makerere, iliyojengwa chini ya H3Africa, mradi wa utafiti wa jeni na afya barani Afrika, ikiendeshwa na Waganda wenyewe. Nilipomwambia mama, alifurahi kuliko nilivyotarajia. "Afadhali," akasema, "amana ya nyumbani ikae nyumbani."

Majibu ya mdogo wangu yalitoka baada ya wiki chache: astrositoma, aina mojawapo ya uvimbe wa ubongo, ya daraja la 2 (daraja likipanda, ukali huzidi), yenye mabadiliko katika jeni iitwayo IDH1. Daktari alisema, kwa sauti ya upole, kwamba hayo mabadiliko ya IDH ni habari nzuri kiasi, kwa sababu uvimbe wa namna hiyo huenda taratibu kuliko usio nayo. Nikarudi nyumbani nikakesha nasoma. Nilitaka kujua nani alijua hilo, na alilijuaje.

Lilijulikana mwaka 2008. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, na wenzao, walichukua sampuli 22 za glioblastoma, ule uvimbe mkali kuliko wote wa ubongo, wakapitia jeni zaidi ya 20,000 katika kila mmoja. Kwa baadhi yao, hasa wagonjwa wenye umri mdogo, wakakutana na IDH1 iliyobadilika, jeni ambayo hakuna aliyekuwa akiifikiria katika saratani ya ubongo. Mwaka uliofuata wakaitafuta kwenye mamia ya sampuli nyingine zilizohifadhiwa, na wakaikuta katika zaidi ya asilimia 70 ya uvimbe wa daraja la 2 na la 3 wa jamii ya astrositoma na nduguye oligodendroglioma. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linaitumia katika kuupa uvimbe jina lake. Na Agosti 2024 Marekani iliidhinisha kidonge, vorasidenib, kinachoizuia IDH hiyo iliyobadilika. Kwenye majaribio ya watu 331 waliokuwa wamefanyiwa upasuaji tu, waliokunywa dawa walikaa muda wa kati (nusu yao zaidi, nusu pungufu) wa miezi 27.7 kabla ya ugonjwa kuendelea, na waliopewa kidonge kisicho na dawa miezi 11.1. Hakiponyi. Kinachelewesha. Kwa mtu mwenye watoto wadogo, miezi hiyo ni mtoto kujifunza kusoma.

Sampuli 22. Nilirudia namba hiyo kwa sauti usiku ule. Kila moja ilikuwa kichwani mwa mtu, aliyekuwa na mke au dada mlangoni. Wengi wa wagonjwa wale hawakuwa na nafasi ya kuishi kuiona 2024, kwa sababu glioblastoma haina huruma. Daktari aliposema habari nzuri kiasi mbele ya mdogo wangu, alikuwa anasoma kilichoandikwa kwenye amana zao.

Uvimbe wa ubongo si ugonjwa wa kila nyumba, ndiyo maana hospitali moja haiwezi kukusanya wa kutosha peke yake. Hapa Uingereza kuna mtandao uitwao BRAIN UK, wenye makao Southampton. Wenyewe hawajengi friza moja kubwa. Wanaunganisha kumbukumbu za idara za patholojia, zile zinazopima vinyama, za hospitali nyingi, kwamba kabati hili lina vipande vya namna fulani na kabati lile lina vingine, ili mtafiti anayetafuta uvimbe adimu asizunguke nchi nzima. Vipande vile vya nta, vilivyokaa kabatini tangu zamani, vinafanywa viwe na kazi. Na jambo linaloniuma ni kwamba watu wa asili yetu ni wachache sana humo. Hifadhi nyingi za jeni duniani zimejaa damu ya watu wenye asili ya Ulaya. Dawa na vipimo vinavyotoka humo vinatujua kwa kukisia. Sisemi watu waburutwe. Nasema waulizwe, kwa lugha yao, mapema, na wapewe usiku mmoja wa kulala na swali.

Swali lenyewe halikwisha pale hospitalini. Wifi alitaka kujua dini inasemaje, wakaenda msikitini kwa imamu. Imamu aliwaambia kwamba wanazuoni wengi wamependekeza kiungo kilichokatwa kizikwe kwa heshima, na kwamba kujifunza tiba ni manufaa ya watu. Akawauliza: kikimaliza kazi yake kitafanywa nini? Swali zuri, nasi hatukulifikiria. Nilipiga simu benki, wakaniambia mabaki huteketezwa kando na taka nyingine za hospitali. Imamu akasema wawaandikie kwamba wangependa yazikwe. Wakaandika, na ombi hilo limo kwenye faili la namba yake.

Mdogo wangu alikwenda mbali zaidi. Aliuliza kama akifariki anaweza kuacha ubongo wenyewe. Jambo hilo lipo, na kwa baadhi ya uvimbe ndilo lililofungua njia: ule wa watoto ulio kwenye shina la ubongo, DIPG, haukatiki, na kwa miaka mingi hapakuwa na kipande cha kusoma mpaka wazazi walipoanza kuruhusu uchukuliwe baada ya mtoto kufariki. Kutokana na zawadi hizo na vipande vichache vya vipimo, mwaka 2012 yakajulikana mabadiliko ya jeni yanayouendesha. Lakini wifi alipolisikia alisema hapana. Alisema, "Hilo usiniulize mwaka huu." Mdogo wangu hakumwuliza tena, nami siwezi kumlaumu yeyote kati yao.

Mimi nimepata kazi ndogo ya kufanya. Mwaka juzi niliombwa kupitia kijitabu cha wagonjwa kilichotafsiriwa kwa Kiswahili. Ukurasa wa kwanza uliandika benki ya viungo. Nilikata viungo, maana hakuna kiungo kinachotolewa. Nikaandika hifadhi ya vinyama vya uvimbe, na chini yake mstari mmoja wa ziada: ni amana yako, unaiweka kwa ajili ya utafiti, na unaweza kuiondoa. Aliyesimamia kijitabu aliniuliza neno hilo lina maana gani, nikamweleza. Akasema kwa Kiingereza wao hawana neno moja la hivyo. Nikamwomba pia kwamba kijitabu kipewe mgonjwa kliniki, wiki kabla ya upasuaji, kisisubiri asubuhi yenyewe. Hilo bado wanalijadili, nami kila nikikutana naye namkumbusha.

Mdogo wangu yuko. Hupigwa MRI kila miezi 6, na siku 3 kabla ya majibu hakuna anayelala. Haendeshi basi tena, anapanga zamu za madereva ofisini, na anasema sasa ndiyo ameelewa kwa nini mpangaji zamu hapendwi. Karafuu amezisikia mara mbili tu tangu atolewe uvimbe.

Mwezi uliopita benki iliwaalika wagonjwa na jamaa zao kuja kuona. Tulikwenda watatu. Chumba ni kidogo kuliko nilivyodhani, kina kelele ya mashine kama kinu cha mahindi kilicho mbali, na friza zimesimama mstari, ndefu kuliko mdogo wangu. Kwenye mlango wa kila moja kuna namba nyekundu za nyuzi. Msimamizi, mama mmoja wa makamo, alivaa glavu nene, akatuambia tusogee, akafungua. Ukungu mweupe ukashuka mpaka kwenye viatu vyetu. Ndani kuna droo za chuma zenye theluji, na kwenye droo visanduku, na kwenye visanduku vichupa. Alihesabu sekunde 10 kwa sauti, akafunga. Namba nyekundu zilikuwa zimeshapanda kidogo, akasimama akaziangalia mpaka ziliporudi.

Wifi alimwuliza, kwa Kiingereza chake mwenyewe, cha wake ni kipi. Yule mama akasema hajui, na hatakiwi kujua, yeye anaona namba tu. Wifi akatikisa kichwa kwamba ameelewa. Akavua glavu zake za sufi, akaweka kiganja kwenye mlango wa friza ile ya pili, akakiacha hapo kidogo. Mlango kwa nje una joto, kama ubavu wa ng'ombe.

Jioni tulimpigia mama tukamweleza yote, droo, ukungu, sekunde 10. Akauliza, "Na umeme ukikatika?" Nikamwambia kuna jenereta, na baridi ikipungua kengele hulia mpaka nyumbani kwa yule mama, hata iwe saa tisa usiku, naye huamka akaja.

"Anaamka?" mama akauliza.

Anaamka, nikamwambia.

"Mwulize jina lake," akasema, "nimtaje kwenye dua."